Luanda ni Moja Tu

Baba mkubwa alifika kwangu Kondele, mjini Kisumu, na mashahidi wawili: mzee wa kijiji, na shemeji yake ambaye huenda popote penye chai. Kesi ilikuwa ya mpaka. Kulingana naye, jirani alikuwa amesogeza ua wa michongoma na kumega shamba lake kule kwetu Luanda, kaunti ya Vihiga, na alikuwa amesikia kwamba siku hizi dunia nzima imo kwenye kompyuta, imepigwa picha kutoka juu.

"Ukiwa huko juu," alisema, "mwongo hana pa kujificha."

Nikaunganisha laputopu na televisheni, nikafungua Google Earth. Dunia ikatokea, ya buluu, imening'inia gizani. Shemeji akauliza mbona haianguki. Hakuna aliyemjibu.

"Andika Luanda," baba mkubwa akaamuru.

"Niongeze Vihiga?"

"Luanda ni moja tu."

Nikaandika. Dunia ikageuka, Afrika ikatujia mbio, mzee wa kijiji akashika kiti kwa mikono miwili. Tulipotua, mbele yetu palikuwa na maghorofa, bandari, meli, kisha maji mpaka basi.

"Shamba langu liko wapi?"

Mzee wa kijiji akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Wanyore, watu wa kwetu, wanasifika kwa watengeneza mvua wao, akasema, lakini mvua ya kiasi hiki ni nani aliyeiagiza? Shemeji yeye alitaka kujua ushuru wa zile meli anakusanya nani.

Nikawaeleza kwamba huo ni mji mkuu wa Angola, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka kwetu, na maji yale ni Atlantiki. Baba mkubwa akauliza Waangola walipewa jina letu na nani, kisha akaninyang'anya kipanya.

Jamani. Ile dunia ukiivuta kwa nguvu na kuiachia ghafla, huendelea kuzunguka yenyewe mpaka uibofye. Yeye aliivuta kama anang'oa kisiki. Brazili ikapita, Pasifiki ikapita (hiyo haiishi upesi), India ikapita, Kenya hiyo inakuja, Kenya hiyo inaenda.

"Shukisha! Shukisha hapa!" shemeji akapiga kelele, huku akigonga meza.

Kubofya, baba mkubwa alibofya, lakini kidole kingine kilikuwa kimekalia kitufe cha Shift, na kipanya kikiburutwa hivyo picha hulala ubavu. Sahara ikasimama wima kama ukuta. Mzee wa kijiji akainamisha kichwa ili aione vizuri, kofia ikaangukia kwenye chai.

Nikarudishiwa kipanya bila mabishano. Nikabonyeza herufi N, kaskazini ikarudi juu. Nikaandika Maseno, tukaanza safari pale barabara ya Busia inapovuka ikweta, tukaambaa nayo hadi soko la Luanda, reli ya Butere ile pale, kanisa lile pale, na mwishowe mkaratusi mkubwa wa baba mkubwa. Wote wakapumua.

"Jiko langu jipya wameiba!"

Hawakuwa wameiba. Picha zile si za moja kwa moja. Nyingine zina miaka, na hii ilipigwa kabla jiko halijajengwa. Lakini mzee wa kijiji alishaona kitu kingine pembeni ya skrini: mshale wa kurudisha miaka nyuma. "Hebu turudi," akasema.

Tukarudi. Katika picha ya zamani ua wa michongoma, mstari wa kijani kibichi kabisa, ulikuwa upande wa huku wa mkaratusi. Katika ile mpya ulikuwa umevuka mti na kuingia kwa jirani, hatua kadhaa nzuri. Mzee wa kijiji akaniambia niende mbele. Nirudi nyuma. Mbele tena. Ua ukawa unaruka mti, huku na kule, na shemeji akianza kucheka kwa pua.

Macho yote yakamgeukia mlalamishi. Baba mkubwa akanywa chai yake taratibu mpaka ikaisha, akaweka kikombe chini.

"Hiyo," akasema, "bado ni Angola."