Kubadilisha kapasita zote, au kutafuta iliyokufa?

Mtu akipata osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, ya miaka ya 1970 iliyokaa stoo kwa muda mrefu, hata kabla hajagusa skrubu atakuta mafundi wamegawanyika mbele yake. Kundi moja litamwambia: usiiwashe, ifungue, toa kapasita zote za elektrolitiki, vile vipande vinavyotunza chaji ya umeme, weka mpya, ndipo tuanze kuzungumza. Kundi la pili litamwambia: usiguse kitu ambacho hujakipima. Mimi nimekaa pande zote mbili kwa nyakati tofauti, na kila upande umewahi kuniaibisha.

Nianze na wanaobadilisha zote, kwa sababu hoja yao ina uzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Kapasita ya elektrolitiki ina kimiminika ndani, na kimiminika hukauka. Kanuni ya kukadiria inayotumika sana ni kwamba joto likipungua kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita huongezeka maradufu. Iliyopimwa kudumu saa 2,000 kwenye nyuzi 85 unaweza kuitarajia idumu kama saa 32,000 kwenye nyuzi 45. Namba hiyo inaonekana kubwa, lakini kifaa cha maabara kinachowashwa saa nane kila siku ya kazi huimaliza katika miaka 16 hivi. Fundi anayetakiwa kurudisha kifaa kazini, kisha asikione tena, ana haki ya kutoamini kapasita iliyopita mara mbili ya umri huo hata kama leo inapima vizuri.

Halafu zipo kapasita ambazo kungoja zikuonyeshe dalili ni hatari yenyewe. Zile za chapa ya RIFA, za karatasi yenye metali, zinazokaa pale umeme wa ukutani unapoingilia, ganda lake hufanya nyufa, unyevu ukaingia, na siku ya kuwashwa zikalipuka kwa moshi ambao harufu yake haitoki chumbani haraka. Kapasita ndogo za elektrolitiki zilizobandikwa juu ya bodi mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, kama kwenye osiloskopu za Tektronix 2465B na familia ya TDS 500, huvuja majimaji yanayokula njia za shaba. Kila mwezi unaosita, bodi inazidi kuliwa. Hapo sina ubishi: zitoe, osha bodi, kisha ndipo ujue kama kifaa kilikuwa na ugonjwa mwingine.

Na kwenye vifaa vya valvu, mirija ya kioo iliyofanya kazi kabla ya transista, kuna zile kapasita za karatasi zinazopitisha mawimbi kutoka anodi (mguu wa kutolea) ya valvu moja hadi gridi (mguu wa kuiongoza) ya nyingine. Kazi yake ni kuzuia umeme mnyoofu (DC). Chukua iliyochakaa kiasi cha kuvujisha kama rezista ya megaomu 10, anodi ikiwa na volti 200, rezista ya gridi ikiwa kiloomu 470. Piga hesabu: karibu volti 9 chanya zinatua kwenye gridi iliyotakiwa kuwa hasi. Valvu inafunguka hadi mwisho, inachemka, na rezista au transfoma iliyo mbele yake inaungua. Mita ya kawaida ya kupima uwezo itakuambia kapasita hiyo ni nzima, kwa sababu mita hiyo hupima kwa volti chache tu na uvujaji haujitokezi. Ukitaka kuukamata, chomoa mguu mmoja wa kapasita upande wa gridi, washa, upime umeme mnyoofu kwenye mguu ulio hewani.

Kwa hiyo nini kibaya na kubadilisha zote? Kwanza, mkono wa binadamu. Kutoa kapasita 40 ni kupasha moto matundu 80 ya bodi, na bodi za zamani hazina uvumilivu huo: kipande cha shaba kinang'oka, au bomba dogo linalounganisha pande mbili za bodi linatoka na mguu wa kapasita bila wewe kuona. Tektronix za enzi ya valvu zina mistari ya seramiki ya kulehemia ambayo mapengo yake yamepakwa fedha iliyoshikamana na seramiki. Ndiyo maana kiwanda kiliweka ndani ya kifaa kiviringo cha lehemu yenye takriban asilimia 3 ya fedha. Ukirudiarudia lehemu ya kawaida, fedha ile inayeyukia kwenye lehemu na muunganiko unaachia. Mtu aliyekuja kuponya anaondoka ameacha jeraha.

Pili, na hili ndilo linalonikera zaidi, ni kupiga ramli. Niliwahi kuwa na osiloskopu ambayo mstari wake ulikuwa umekimbilia juu ya kioo na haushuki. Nikabadilisha kapasita kumi na mbili za upande wa kulisha umeme kwa sababu tu zilikuwa za zamani. Mstari ukabaki kulekule. Nilipokubali kusoma mchoro na kufuata volti hatua kwa hatua, nikaishia kwenye transista iliyokaa kwenye soketi. Nikaichomoa, nikairudisha, mstari ukashuka katikati. Miguu ilikuwa na kutu, basi. Wiki ya pili kifaa kikazima kwa kishindo, kwa sababu kati ya zile kapasita kumi na mbili, moja nilikuwa nimeiweka kinyume. Hitilafu ya kwanza ilikuwa ya umri. Ya pili niliiumba mwenyewe.

Vitabu vya huduma vya vifaa hivi vinamfanya mtu wa ramli akose kisingizio. HP na Tektronix walichapisha mchoro mzima, maelezo ya jinsi kila saketi inavyofanya kazi, volti za kutarajiwa na mara nyingi hata picha za mawimbi. Kitabu cha Tektronix 465, kwa mfano, kinakuandikia milisho yake, yaani volti zinazolisha saketi: volti 110, 55, 15, 5 na hasi 8. Ukipima hizo tano, pamoja na ripoli yake, yaani mawimbi yanayobaki juu ya umeme mnyoofu, umeshajua mengi kabla pasi ya kulehemu haijapata moto. Mlisho mmoja ukiwa karibu na sifuri, kuna uwezekano mkubwa kwamba kapasita moja ya tantalamu, aina ndogo iliyotengenezwa kwa metali hiyo, imepiga shoti mahali fulani kwenye njia yake. Hiyo moja ndiyo unayoitafuta. Tantalamu nyingine thelathini zinaweza kuwa nzima kabisa.

Walakini wapimaji nao wana upofu wao, hasa wanapogeuza "usiguse" kuwa dini. Chipu za kumbukumbu za Dallas, zenye betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani yake, ndizo zinazotunza namba za kalibresheni, yaani za kusahihisha vipimo, kwenye 2465B na kwenye multimita ya HP 3458A. Ukipima leo, hazina kasoro. Betri ikiisha, namba zinapotea, na kuzirudisha kunahitaji vyanzo vya rejea ambavyo wengi wetu hatuna. Anayengoja dalili hapa atapata dalili na msiba siku moja. Soma namba, zihifadhi, badilisha chipu kifaa kikiwa bado kizima.

Ndiyo maana mimi siulizi tena kitu kina miaka mingapi. Nauliza: kikifa, kinakufa peke yake au kinaondoka na wenzake? RIFA, kapasita za karatasi kwenye gridi, kapasita zinazovuja juu ya bodi na chipu zenye betri huondoka na wenzake, kwa hiyo nazitoa bila kuzipima. Kapasita kubwa za chujio za alumini, zinazolainisha umeme wa milisho, kwa kawaida huzeeka polepole na hutoa taarifa: ripoli inapanda. Hizo napima. Tantalamu ziko katikati, na huko naangalia kama mlisho una kizuizi cha mkondo, kinachozuia shoti isiunguze vingine. Kama upo, nangoja.

Kigezo hiki hakimsaidii sana fundi mwenye foleni ya vifaa mezani, maana kufuata mchoro kunaweza kula siku nzima na kubadilisha zote kunakula mchana mmoja. Sitamlaumu, mradi apime milisho kabla na baada, na abadilishe chache chache huku akiwasha kila mara.

Kwenye jenereta yangu ya mawimbi ya valvu bado kuna kapasita mbili za chujio zilizotoka nayo kiwandani. Nilipoipata niliziamsha polepole kupitia rezista hadi uvujaji ukashuka, na tangu hapo napima ripoli mara moja kwa mwaka na kuandika namba kwenye karatasi niliyobandika ndani ya kifuniko. Namba tatu za mwisho zinakaribia kulingana. Mpya ninazo kwenye droo.