Mtafiti mgeni akibisha hodi, nani atamkatalia?

Hospitali humwonyesha mtafiti mgonjwa aliyefanikiwa kufika. Aliyekosa nauli, aliyesubiri ruhusa ya mume, aliyepelekwa kwanza kwa mganga, aliyefariki alfajiri kabla bodaboda haijapatikana, hao hawamo kwenye daftari la wodi. Ndiyo maana watafiti wanaotoka ng'ambo kuja Kilifi nchini Kenya, au Ifakara na Rufiji nchini Tanzania, hawaishii hospitalini. Wanawafuata watu majumbani, na jambo hilo lina watetezi wake na wanaolilalamikia. Wote wana hoja nzito.

Nianze na faida, kwa sababu ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyokiri. Kuanzia mwaka 1992, mradi mmoja nchini Tanzania uliwatuma wahojaji kwenye kaya za Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini kuwauliza wafiwa dalili alizokuwa nazo marehemu. Ilidhihirika kwamba sehemu kubwa ya watu hufia nyumbani, kwa hiyo takwimu za hospitali peke yake zilikuwa zikieleza kisa nusu. Kilifi nako, majaribio ya vyandarua vyenye dawa katika miaka ya 1990 yalionyesha kuwa vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa takriban theluthi moja. Hesabu hiyo isingepatikana bila watu kupita mlango kwa mlango. Huko huko ilionekana pia kwamba mama wengi huanza kutibu homa ya mtoto kwa dawa za dukani, ndipo wenye maduka wakafundishwa kipimo sahihi cha dawa za malaria. Nani angeyajua hayo akiwa ameketi zahanati?

Ugumu unaanzia mlangoni. Kwetu mgeni akibisha hodi hukaribishwa, hutafutiwa kiti, huulizwa habari za safari. Akiwa ametoka mbali, na ameongozana na mzee wa kijiji au mhudumu wa afya, kumwambia "hapana, sitaki" ni aibu kwa nyumba nzima. Kwa hiyo mgonjwa anatia sahihi. Fomu ya ridhaa imekamilika, sheria imetimizwa, lakini moyoni hajakubali.

Haya siyo makisio yangu. Mwaka 2015 watafiti wa Kilifi, Dorcas Kamuya akiwa miongoni mwao, walichapisha utafiti kuhusu kukataa kimyakimya. Kuna watu wanaokubali kwa mdomo, kisha siku ya miadi hawaonekani nyumbani, au huahirisha tena na tena. Watafiti hao waliegemea methali tunayoijua sote: akufukuzaye hakwambii toka. Nauona ugunduzi huo kuwa mzito kuliko takwimu nyingi, maana unatwambia kwamba "ndiyo" ya sebuleni haitoshi kuwa ushahidi wa ridhaa.

Kisha wapo majirani. Gari lenye nembo ya mradi likisimama mbele ya nyumba ile ile kila mwezi, mtaa mzima unaanza kukisia ugonjwa. Kwa mwenye kifua kikuu au anayeishi na virusi vya Ukimwi, ziara moja ya nia njema inaweza kutangaza siri aliyoitunza kwa miaka. Na pwani yetu ina kumbukumbu ndefu ya hofu ya mumiani, wanyonya damu wa kusadikika. Mtafiti anayekuja nyumbani kumchukua mtu damu ya kupima halafu asirudi kueleza matokeo anaichochea hofu hiyo upya.

Je, basi utafiti urudi hospitalini? Sidhani. Mgonjwa wa wodini naye hayuko huru, kwani anayemwomba ridhaa huenda ndiye anayemtibu. Azimio la Helsinki, linaloongoza utafiti wa tiba tangu 1964, linaonya juu ya hali hiyo hiyo na kutaka ridhaa iombwe na mtu asiyehusika na matibabu yake. Nyumbani angalau mgonjwa yuko kwake, mama mkwe yupo, mtoto anayesoma sekondari anaweza kuisoma karatasi.

Wengine husema dawa ni kuajiri vijana wa hapo hapo. Ni kweli wanajua lugha na adabu za mahali. Lakini kumkatalia mtoto wa jirani si rahisi pia, hasa ukijua anategemea kazi hiyo. Kijana huyo naye huona watoto wa nyumba hiyo wamelala na njaa, akatoa nauli mfukoni mwake, na hapo familia hubaki na deni la fadhila.

Mimi nasimama hapa: ziara ziendelee, ila ombi la kuingia lisije pamoja na mgeni. Litangulie siku kadhaa, lipelekwe na mtu ambaye ujira wake hautegemei idadi ya waliokubali, na mgonjwa achague pa kukutana: kwake, kliniki, au hata msikitini au kanisani baada ya ibada. Asiyejibu ahesabiwe amekataa. Kwa wanafunzi wa udaktari wanaokuja wiki chache "kuona maisha ya wagonjwa" bila swali la utafiti wala kibali, ningekuwa mkali zaidi: wasiingie kabisa. Picha ya mgonjwa kitandani kwake haipaswi kusafiri kwenye simu ya mtu asiyeweza kumfaidisha kwa lolote.

Wanaoweza kulisimamia hili wapo. Tanzania ina NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na Kenya ina kamati za maadili zilizoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Kabla ya kupitisha mradi wa kuingia majumbani, wamtake mtafiti aandike wazi: mtu asiyeutaka ugeni huu atapitia njia gani kukataa bila kumvunjia mtu heshima?