Wanaosema Tanga imelala hawajafika Ngamiani asubuhi

Kabla sijaenda Tanga, watu watatu waliniambia maneno yaleyale: "Mji umelala ule." Nikapanda basi hukumu ninayo mfukoni. Tulipoiacha Segera, dirishani yakaja machungwa ya Muheza, halafu mkonge, mistari kwa mistari, mingine imemezwa na magugu. Mpaka nashuka stendi ya Kange nilikuwa nimeshaamini.

Mjini kati ushahidi haukukosekana. Maghorofa ya Wahindi rangi imebanduka, mwaka wa ujenzi bado unasomeka juu ya mlango, na ufa wa ukutani umeota mti. Reli ya kwenda bara Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1893, na mwaka huohuo mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, akaleta miche ya mkonge. Mji ukanenepa kwa katani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu iliongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na uzalishaji ukaporomoka. Kwa hiyo nikimsikia mgeni akisifia "mvuto wa kizamani" wa kuta zile, nakereka. Anapiga picha mishahara iliyokoma.

Ila na mimi nilikuwa natazama juu mno. Asubuhi ya pili nikaingia Ngamiani, ambako mitaa haina makuu, inahesabiwa tu: Barabara ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea, baiskeli zikikupita kimya kimya. Mama mmoja alikuwa barazani na karai lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kaa, hizi bado."

Zilikuwa bajia za kunde. Kunde alizilowanisha jana, akazifikicha maganda, akazisaga na kitunguu saumu na pilipili. Anachota kwa vidole vitatu, anadondosha. Bajia inazama, inaibuka, anaigeuza kabla haijaomba. Pembeni chatini ya nazi iliyokamuliwa ndimu. Nilikula sita nikiwa nimesimama, maana kaa yenyewe nilisahau.

Mchana ikawa wali wa nazi na changu wa kupaka, amebanikwa kwanza ndipo akamiminiwa tui zito. Jioni mkate wa kumimina na chai ya tangawizi. (Suruali imenibana, tusizungumzie.)

Mjerumani alitawala hapa robo karne, Mwingereza miaka zaidi ya 40, na sahani yao hata moja sikuiona. Mhindi yumo kwenye sambusa na biriani, Mwarabu yumo kwenye halua na kahawa, kwa sababu hao walikaa wakaazimana vyungu na majirani. Majengo yahifadhiwe, sipingi. Lakini mwenye fungu la kuhifadhi urithi wa Tanga ningemwomba aanzie hapa barazani: maji ya bomba, kivuli, na mahali pa kukaangia ambapo mgambo hatamfukuza mtu.

Siku ya kuondoka nilipita tena kwa yule mama, nikamuuliza kama kweli mji umelala. Hakuinua macho kwenye karai.

"Mwanangu, mimi naamka saa tisa usiku. Huyo aliyelala mwambie bajia zinaisha saa mbili."