Gitaa la umeme: rangi ije mwisho

Mtu akiwa na gitaa la umeme la bei nafuu lililochubuka, wazo la kwanza huwa ni rangi. Naamini hapo ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Muziki wetu wa dansi hupigwa kwa sauti safi, isiyokwaruza, na solo la sebene hupanda hadi kupita freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo). Huko juu hakuna pa kujificha: freti moja iliyoinuka itasikika hata kama gitaa linang'aa kama gari jipya.

Anza na shingo. Bana uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha pitisha fila geji (vibamba vya chuma vya kupimia nafasi ndogo) kati ya uzi na freti ya 7. Nafasi ya milimita 0.25 hivi inatosha. Ikizidi, kaza nondo ya ndani ya shingo robo mzunguko, pima tena. Ikigoma usiilazimishe, maana ikikatika hiyo shingo ndiyo basi. Na kama shingo imejisokota, upande wa besi umepinda na wa pili umenyooka, usinunue hata kopo moja la rangi. Tafuta shingo nyingine.

Baada ya hapo sawazisha freti. Zipake wino wa maka juu, pitisha jiwe bapa la kunolea lililonyooka, uone wino unatoka wapi na unabaki wapi. Zilizobaki bapa zirudishie mviringo, kisha zing'arishe. Nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi kwenye ncha ya shingo, huchongwa baada ya freti, kamwe si kabla, kwa sababu freti zikipungua nati hubaki juu. Magitaa mengi ya bei nafuu huja na nati ya plastiki yenye mifereji isiyochongwa vya kutosha. Kidole hulazimika kuvuta uzi mpaka chini, nao ukivutika sauti hupanda, ndiyo maana kodi (noti kadhaa zikipigwa pamoja) ya F haikai sawa hata gitaa likitiunwa vizuri. Jipime hivi: bonyeza uzi kwenye freti ya 3, tazama juu ya freti ya 1. Ibaki nafasi ya unene wa karatasi tu. Huhitaji kuagiza nati ng'ambo; mfupa wa mguu wa ng'ombe kutoka buchani, ukichemshwa kwa moto mdogo, ukakwanguliwa mafuta yote na kuachwa ukauke wiki kadhaa, unafaa kabisa.

Umeme una jambo moja linalosahauliwa. Potenshiometa (vidhibiti vya sauti vinavyozungushwa) kubwa zilizo bora huwa na sehemu ya skrubu inayopita tunduni yenye kipenyo cha milimita 9.5 hivi, na matundu ya gitaa la bei nafuu mara nyingi ni madogo kuliko hapo. Yapanue kwa tupa ya mviringo kabla ya kupaka rangi. Ukingoja baadaye, rangi mpya itameguka ukingoni. Tundu la skrubu lililolegea lijaze njiti ya kiberiti na gundi ya mbao wakati huohuo. Pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za koili moja zipe potenshiometa za kiloomu 250, hambaka (pikapu ya koili mbili) za kiloomu 500. Karatasi ya shaba ndani ya tundu la nyaya hupunguza kelele za chaja na taa, lakini mvumo wa hertz 50 unaoingia kwa njia ya usumaku hauzuiwi na shaba. Huo huondolewa na koili mbili zinazopingana, na hambaka ndivyo ilivyoundwa.

Sasa rangi. Usikwangue mpaka mbao. Ganda la rangi ya kiwandani, mara nyingi la poliesta, ni nene, dawa nyingi za kutoa rangi haziliwezi, na chini yake mara nyingi kuna vipande vya mbao vilivyoungwa. Likiwa halijabanduka, ndilo msingi bora utakaoupata. Lisugue kwa msasa namba 320 kisha 400 hadi ling'oke mng'ao, paka praima, halafu rangi ya gari. Fender wenyewe miaka ya 1950 na 1960 walitumia rangi za magari za DuPont, kwa hiyo duka la rangi za magari ni mahali sahihi pa kwenda. Funika kwa utepe pale shingo inapokaa. Rangi ikijaa humo shingo haiingii.

Nyunyiza tabaka nyembamba: tatu za rangi, tano hivi za kliya (ile angavu isiyo na rangi). Dar au Mombasa wakati wa masika, laka (rangi au kliya inayokauka kwa thina kuruka) hugeuka nyeupe kama ukungu, kwa sababu thina ikiruka hupoza uso uliopakwa na unyevu wa hewa hunasa. Ngoja siku kavu. Vijishimo kama macho ya samaki ni silikoni kutoka kwenye vipolishi. Kliya yenye hadena (kiambato cha kuigandisha) mwachie fundi mwenye vifaa: ina isosayaneti, kemikali hatari kwa mapafu, na barakoa ya vumbi haizuii chochote.

Acha laka ikauke wiki tatu au nne. Sugua kwa maji, msasa 1000, 1500, 2000, ukiepuka kingo. Maji yasiingie kwenye matundu ya skrubu, mbao itavimba na kupasua rangi.

Ukishaunganisha, weka nyuzi mpya ndipo upime freti ya 12. Uzi uliobonyezwa hapo ukitoa sauti ya juu kuliko hamoniki ya hapohapo (mlio wa kugusa uzi bila kuubonyeza), rudisha kiti cha uzi, kile kipande kinachoubeba kwenye daraja, nyuma, mbali na shingo.