Kamera ya Mamilioni Chini ya Turubai la Bluu

Kamati ya harusi hapa Moshi ikikutana na mpiga picha, swali la kwanza ni moja tu. "Kaka, unatumia kamera gani?" Ukitaja jina kubwa, mwenyekiti anaridhika, mhazini anaandika, mnahamia kwenye bei. Rangi ya turubai haimhusu mpiga picha. Hiyo ni kazi ya mama wa mapambo, anayeangalia ifanane na sare za wasimamizi. Kwa maoni yangu, mama huyo ana mamlaka makubwa juu ya picha zenu kuliko mimi na kamera yangu.

Nimefikia hapo baada ya kiangazi kizima cha kujaribu vifaa. Msimu unajulikana: Desemba Wachagga wanapanda nyumbani, na kuanzia hapo hadi masika yanapobisha hodi mwezi Machi hakuna wikendi tupu. Ubatizo Kibosho, kipaimara Machame, harusi Marangu, send-off mjini, na mwisho wa Februari Kilimanjaro Marathon. Nilizunguka na kamera yangu ya kazi, kamera ya zamani ya filamu niliyoazima, na simu. Nikabadilisha lenzi, nikabadilisha flashi. Nikipanga picha pamoja sasa, tofauti kati ya kamera na kamera ni ndogo. Tofauti kati ya turubai na turubai ni kubwa mno, hata mtu asiyejua lolote la upigaji picha anaiona.

Chukua ndafu. Mbuzi mzima anatoka jikoni akiwa wima kwenye sinia, majani mdomoni, ngozi ya kahawia inang'aa mafuta, wapishi wanamsindikiza kwa ngoma. Ni picha ambayo kila familia inaitaka. Sasa mpitishe chini ya turubai la bluu saa 8 mchana. Jua linapenya kitambaa, mwanga unashuka ukiwa wa bluu, na ile nyama inageuka kijivu kama imetoka kwenye friji. Chini ya turubai la njano ndafu anapendeza, lakini wageni wote wanafanana na wagonjwa wa ini.

Wenzangu watasema hayo ni ya kurekebisha kwenye kompyuta. Yangekuwa ni ya kurekebisha kama rangi ingekuwa moja. Pembeni mwa turubai kuna mwanga wa nje, mweupe, unaoingia kwa ubavu, kwa hiyo babu aliyekaa ukingoni ana shavu moja la kawaida na moja la bluu. Ukiondoa bluu, lile shavu zima linakuwa la chungwa. Shamba nalo lina mambo yake: sherehe ikifanyika uani katikati ya migomba, mwanga unapita kwenye majani na kushuka na ukijani, na nguo nyeupe zinaonyesha kwanza. Turubai jeupe linamaliza zaidi ya nusu ya matatizo haya. Linalainisha jua, halina rangi ya kugawa, na watu wote mia tatu wanakuwa chini ya taa moja kubwa ambayo studio ingeilipia.

La pili ni meza kuu ielekee wapi. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu halina gharama yoyote. Sisi tuko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta. Desemba, Januari na Februari jua la mchana liko juu sana, ila limeegemea kusini. Ukimtazamisha bibi harusi kusini, anakunja uso na macho yanaingia kwenye mashimo ya kivuli. Mtazamishe kaskazini, karibu na ukingo wa turubai, anapata mwanga wa anga peke yake: laini, sawa pande zote mbili, macho yanang'aa. Na kaskazini kwa mtu wa Moshi ni wapi? Ni mlimani. Arusha vilevile, Meru iko kaskazini mwa mji. Kwa hiyo kiangazi, meza kuu itazame mlima. Najua watu wanapenda mlima uwe nyuma yao kwenye picha, lakini tuambizane ukweli, saa 8 mchana Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko ndani ya mawingu na mnachokiweka nyuma ni ukungu na paa la jirani. (Ndugu zangu wa Rombo mnisamehe. Kwenu mlima uko magharibi, nyie fuateni kivuli.)

Vijana wanaoanza kazi hii wamejifunza mtandaoni kusubiri ile saa ya dhahabu ya jioni, mwanga laini wa jua linapokaribia kuzama. Ushauri mzuri, kwa walikoutoa. London mwezi Juni jua linashuka kwa mshazari, na mwangaza baada ya machweo unakaa zaidi ya mara mbili ya huku kwetu. Hapa jua linadondoka karibu wima. Baada ya kuzama, una dakika 20 na ushee kabla ya giza. Na dakika hizo hizo ndipo MC amepanga foleni ya zawadi, mama wakubwa wanakuja na vitenge wakicheza, shangazi hataki kurukwa. Hakuna atakayekuruhusu umtoe bibi harusi ukampige picha kwenye majani. Mchana wetu ndio sherehe yetu, kwa hiyo mpiga picha wa hapa aujue mwanga wa mchana.

Baada ya mahali, kuna uso. Kamera haijui kama inatazama shela au suti, inadhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu kwa wastani. Shela jeupe likijaza fremu, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa bibi harusi unazama. Ikijaa suti nyeusi ya bwana harusi, inaongeza, paji lake la uso linaungua. Dawa yake ni kupima mwanga usoni, kuweka vipimo kwa mkono, na kuisahau shela. Nilipofanya hivyo kwenye simu, kwa kugusa uso kwenye kioo na kushusha mwanga kidogo, nilipata picha zilizozishinda zile za kamera ya mamilioni iliyoachwa ijiamulie.

Kuna historia hapa pia. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za kampuni ya filamu ya Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley kwa jina la mfanyakazi wa kampuni hiyo. Ngozi nyeusi haikuwemo kwenye hesabu. Malalamiko yaliyosaidia kubadilisha filamu miaka ya 1970 yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi za kahawia za bidhaa zao zionekane. Inauma, lakini angalau walikuwa na kisingizio cha kemikali. Sisi leo tuna kamera zinazoona kila kivuli cha kahawia, halafu tunakaa usiku kwenye kompyuta kuwaosha watu hadi wawe weupe, sisi wenyewe, kwa mikono yetu, tukisema ndivyo mteja anavyotaka.

Mteja hataki hivyo kila mara. Mara nyingi anachokiona ni kosa la flashi. Bibi harusi amepakwa poda yenye rangi nyepesi kuliko shingo yake, na baadhi ya poda hizo zina madini ya silika yanayorudisha mwanga moja kwa moja. Flashi iliyo juu ya kamera ikimpiga usoni, anatoka na barakoa. Shangazi mmoja wa Machame alishika albamu akauliza kwa sauti, "Jamani, uso huu wa nani na mikono hii ya nani?" Nikaanza kuitoa flashi kwenye kamera. Shemeji anaishika pembeni, mwingine anashikilia kitambaa cheupe cha meza mbele ya flashi, mwanga unapita humo. Wapishi wa shughuli wana vitambaa hivyo vya kumwaga. Na isogee mbali kidogo, kwa sababu aliye mita 1 kutoka kwenye flashi anapata mwanga mara 4 ya aliye mita 2. Ndiyo maana picha za mezani tunazozijua zina mjomba wa mbele anayewaka na mjomba wa nyuma aliye gizani.

Ukumbini usiku sina mengi. Taa za zambarau na bluu zinazopakwa ukutani zikae ukutani, zisiguse nyuso wakati wa keki. Picha zikitoka na mistari ya giza, shusha kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) hadi 1/100 au 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu zinapepesa kwa kuufuata. Umeme ukikatika na jenereta ikawaka, anza upya.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati ni dogo. Siku mnayokaa na mama wa mapambo, mwiteni na mpiga picha, hata kwa simu, aulizwe rangi ya turubai na upande wa meza kuu. Wenye harusi kuanzia Aprili hadi Septemba zingatieni kwamba jua la mchana limehamia kaskazini, kwa hiyo meza igeuzwe, mlima uwe nyuma. Ikiwa ni Juni au Julai na mawingu yamefunga tangu asubuhi kama kawaida yake, wekeni meza popote mtakapo, ila turubai libaki jeupe.