Kigoma, Mwezi Ndio Unaopanga Mboga

Watu wa mikoa mingine wana raha. Baba anarudi kazini, anauliza, "Mama watoto, leo tunakula nini?" Anajibiwa, wanakula, wanawasha televisheni, wanalala. Huku Kigoma, mwisho wa reli, swali hilo haliulizwi jikoni. Unatoka kwanza uani, unatazama juu, unakumbuka mwezi umeandama lini, ndipo unajua kama mboga ni dagaa au ni mchicha wa jana umepashwa moto.

Tuelewane. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola, lakini ujanja ni uleule: mwanga unawavuta dagaa juu, wavu unawazoa. Sasa mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa, dagaa ana sababu gani ya kuifuata taa yako? Wavuvi wanapumzisha mitumbwi karibu wiki nzima, wanashona nyavu na kupiga soga pale Kibirizi na Katonga, na bei sokoni Mwanga inapanda bila kumpigia mtu hodi. Kwa hiyo nyie vijana mnaowaandikia wachumba mambo ya mbalamwezi, mjue kuna baba wa watoto sita anautazama mwezi huohuo na kuusonya.

Na kama mwezi hautoshi, kuna serikali. Nchi 4 zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana samaki wapewe likizo wazaane, na mwaka 2024 upande wetu ziwa likafungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Sina ugomvi na hilo, samaki walikuwa wanapungua kweli. Ila tumbo halikuitwa kwenye kikao. Mwenye akili ananunua kisado chake mapema, anawaweka dagaa kwenye gunia au kikapu kinachopitisha hewa, siyo kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, maana humo wanatoa unyevu na kuota ukungu. Kila baada ya wiki mbili tatu unawaanika tena nusu siku. Hapo umeshaongeza kazi nyingine: kulinda dagaa dhidi ya paka wa jirani, paka ambaye jirani mwenyewe anaapa kwamba hali dagaa.

Kununua nako ni kesi. Dagaa mzuri ana rangi ya fedha, tumbo halijapasuka, ukimkunja anavunjika tak! Akipinda bila kuvunjika, huyo bado ana maji, na unalipia maji. Kingine ni mahali alipoanikwa. Aliyeanikwa kwenye kichanja ni msafi. Aliyemwagwa ufukweni anakuja na ufukwe. Chota kiganja kimoja, kitikise juu ya karatasi, uone kinachodondoka. Masika ndiyo balaa zaidi, kwa sababu dagaa anataka jua kali la kutwa. Wingu likitanda, siku ya pili mafuta yake yanachacha, anageuka manjano na kunuka. Muuzaji atakwambia, "Hiyo ni rangi tu, mzee." Rangi tu! Mbona nzi wamejaa na hawajaja kuangalia rangi?

Haya, umefika nyumbani. Wapishi wengi wanaharibu kwenye kuosha. Wanatumia maji ya moto, dagaa wanavunjika na uchafu unagandia. Chukua maji ya uvuguvugu, mengi, tumbukiza, koroga polepole, halafu waopoe kwa mkono ukiuacha mchanga chini. Usimwage beseni lote kwenye chujio, maana mchanga ulioutenganisha kwa jasho unawarudia wote. Rudia mara tatu, au mpaka chini ya beseni pawe peupe. Anayesema mara moja inatosha, mwache atafune, meno ni yake.

Mawese sasa, yale mafuta mekundu ya michikichi. Kwa vikombe viwili vya dagaa, vijiko vitatu vya chakula vinatosha. Yachemshe mpaka harufu ya ubichi iishe, lakini yasifuke moshi. Ukiona moshi, ule wekundu unapotea, mafuta yanakuwa meupe na machungu, na pesa uliyolipia rangi imepaa na moshi. Weka vitunguu viwili, vikilainika tia dagaa waliokamuliwa maji, kaanga dakika tano mpaka wakauke kidogo, ndipo nyanya tatu na pilipili. Nyanya zikitangulia, dagaa wanachemka badala ya kukaangika, na unapata supu ambayo hukuiomba. Chumvi mwishoni, ya Uvinza hapohapo mkoani, kidogo kidogo. Juni na Julai, asubuhi zenye baridi, utayakuta mawese yameganda kwenye dumu. Hayajaharibika. Ndiyo tabia yake. Liweke dumu juani au kwenye beseni la maji ya moto, lakini usiliweke karibu na jiko la mkaa, dumu la plastiki halina uvumilivu.

Ugali wa muhogo una sheria zake, nazo watu wa mahindi hawazielewi hata uwachoree. Muhogo mchungu lazima uwe umelowekwa siku tatu mpaka nne hadi ulainike, ukaanikwa, ukatwangwa na kuchekechwa. Anayeruka kuloweka anacheza na sumu, hilo siyo la mzaha. Ukichanganya na mahindi, anza na uji wa mahindi uchemke kabisa, ndipo unga wa muhogo uingie na mwiko usisimame. Ukiutia muhogo mapema, nje unanata, ndani unabaki na mabuja ya unga mkavu. Mgeni akikuta buja, anatabasamu na kusema amekwisha shiba. Mwongo huyo, njaa inamuuma.

Basi mmekula, saa mbili kasoro dakika tano, taarifa ya habari inakuja. Na mvua nayo, ambayo tangu asubuhi ilikuwa inazurura juu ya milima ya Kongo, inaamua sasa hivi ndiyo inashuka.

Zamani, enzi za analojia, mvua ilileta chenga. Ungeona mpira kwa kubahatisha, mchezaji mmoja anaonekana watatu, lakini ungeona. Tangu nchi ilipoanza kuzima mitambo ile mwishoni mwa 2012 tukawa watu wa ving'amuzi, na king'amuzi hakina huruma ya nusunusu. Picha ni safi, safi, safi, halafu inakatika mirabamiraba, mtangazaji anaganda mdomo wazi, kioo kinaandika hakuna mawimbi. Fikiria: setilaiti iko juu ya Ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka hapa. Mawimbi yamekuja safari yote hiyo salama, yamefika juu ya Mwanga, yakashindwa na wingu. Wataalamu wanasema matone ya maji yanayafyonza na kuyatawanya. Sawa, lakini kwa nini saa mbili kamili?

Kuna mvua ambayo huwezi kuishinda, ngoja robo saa ipite. Lakini kama televisheni inakatika hata kwa manyunyu, kosa liko kwako, siyo mbinguni. Fungua kwenye mipangilio, utaona mistari miwili, nguvu na ubora wa mawimbi. Watu wanashangilia nguvu. Nguvu haina maana, inaweza kuwa 90 na ubora sifuri, na huoni kitu. Tazama ubora. Dishi lililofungwa kwa pupa linakupa ubora wa kuponea siku ya jua, hivyo wingu dogo tu linalimaliza. Lirekebishwe siku kavu, taratibu: legeza nati bila kuitoa, sogeza upana wa ukucha, subiri sekunde tano, kwa sababu king'amuzi kinachelewa kujibu. Hapo ndipo ndoa zinapojaribiwa. Baba yuko juu ya bati, mtoto dirishani, mama ameshika rimoti. "Bado! Bado! Hapohapo! Aah, umepitiliza!" Kila mtu anamlaumu mwenzake, na sababu ni zile sekunde tano ambazo hakuna anayezisubiri.

Kingine, huku tuko kama nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo madishi mengi yamelala karibu chali, yakitazama juu. Sahani iliyolala inakusanya maji, vumbi la Agosti na majani ya mwembe. Toboa katundu kadogo sehemu ya chini kabisa, maji yatoke. Kagua pia kichwa cha waya kinachoingia kwenye dishi. Maji yakipenya, shaba inageuka kijani. Kata mpaka ufike penye shaba nyekundu, menya upya, hakikisha nyuzi za nje haziugusi waya wa katikati, kisha zungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli ukibana. Uache waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia dirishani, maji yadondokee nje, yasitambae mpaka kwenye king'amuzi. Na radi ikianza, chomoa umeme na waya wa dishi pia. Wengi wanachomoa umeme tu, wanakaa wanajipongeza, huku kile chuma cha juu ya bati kimeunganishwa moja kwa moja na sebule.

Mwembe nao unakua. Dishi lililoshika vizuri mwaka juzi leo linatazama matawi. Mwenye mwembe ni jirani, yule mwenye paka. Ukimwomba apunguze tawi moja anakwambia lina maua.

Imebaki hilo doa la mawese kwenye shati jeupe la kanisani, kwa sababu mtu aliruka kutoka mezani kukimbilia rimoti. Usilisugue kwa maji matupu, linatambaa. Paka sabuni ya mche ikiwa kavu, iache nusu saa, fua kwa maji ya moto, rudia. Utabaki na kivuli cha manjano. Usihangaike nacho, anika shati likiwa bichi kwenye jua kali, rangi ya mawese haivumilii jua. Masika jua halipo, kwa hiyo Jumapili vaa shati la kahawia, na ukiulizwa sema ndiyo sare ya kwaya.