Safari za Theluji Zisizotajwa Mwezi

Kinachonikera katika matangazo ya safari za kuteleza kwenye theluji yanayosambazwa hapa Kampala ni kuandika "majira ya baridi" bila kutaja mwezi, ilhali kituo cha kuteleza cha Oukaïmeden, Moroko, hutegemea theluji ya Desemba hadi Machi, na kile cha Afriski, Lesotho, hupokea watelezaji kuanzia Juni hadi Agosti. Mzazi anayepanga likizo ya Desemba huonyeshwa picha za Lesotho, akalipa arubuni, kumbe huko wakati huo ni kiangazi na milima imeota majani. Bei nayo hutajwa bila gharama ya kukodi viatu na mbao za kutelezea, kana kwamba sisi wa ikweta tunavyo kabatini! Wengine hubandika hata picha ya Rwenzori, ambako barafu inazidi kuyeyuka na hakuna lifti ya watelezaji hata moja.